Ufalme Usiomfaa Mteja

Katika maduka ya vipuri vya magari, tangu Gerezani na Shaurimoyo mjini Dar es Salaam mpaka barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, hapana usemi unaorudiwa mara nyingi zaidi, na kuhojiwa mara chache zaidi, kuliko ule usemao kwamba mteja ni mfalme. Tajiri huutundika katika kibao ukutani na kumwambia mfanyakazi wake siku anayomwajiri, mfanyakazi hukumbushwa siku anayotukanwa, na mteja mwenyewe huutamka kwa sauti kubwa kila aonapo kwamba hoja yake imekwisha nguvu. Usemi ukikubaliwa kiasi hicho huacha kuwa shauri ukawa sheria, na watu huutii pasipo kuuliza unamfaa nani na gharama zake zinalipwa na nani. Mimi nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya vipuri, nimewahudumia watu wema na watu wagumu, na nasema bila ya kificho kwamba usemi huu, katika biashara hii mahsusi, ni batili: unamdhulumu mfanyakazi, unamharibu tajiri, na unamdhuru yuleyule mteja unaodai kumtukuza.

Insafu yataka hoja ya mpinzani itajwe kama aitajavyo yeye mwenyewe. Wanaoshikilia itikadi hii husema mambo manne, na yote manne yana sura ya akili. Husema kwamba fedha ya mteja ndiyo mshahara wa muuzaji, na kwa hiyo alipaye ana haki ya kutiiwa. Husema kwamba maduka ni mengi, mlango kwa mlango, na aliyeudhiwa hapa atanunua pale. Husema kwamba hata mteja akikosea, hasara ya kumkubalia ni ndogo kuliko hasara ya kumpoteza. Na mwisho, ambalo ndilo neno lao zito kuliko yote, husema kwamba wateja wamekwisha kudhulumiwa vya kutosha na wauza spea: wameuziwa bandia kwa bei ya halisi, wamepewa kilichotumika ndani ya boksi jipya, wamejibiwa kwa dharau, na walipotaka haki yao wameonyeshwa kibao kisemacho kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, basi mtu aliyetendwa hivyo akipewa taji, amepewa ngao tu. Sikatai kwamba dhuluma hizo zipo. Ninakataa kwamba dawa yake ni ufalme, na nitazijibu hoja hizo, pamoja na nyingine mbili zinazofuatana nazo, ingawa si kwa urefu mmoja, maana nyingine zina uzito na nyingine hazina.

1. Kwamba alipaye ana haki ya kutiiwa

Anunuaye sukari anaijua sukari. Anunuaye kipuri, aghalabu, hakijui anachokinunua, na hilo si aibu, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa akijua tofauti ya injini na injini. Gari lenye jina moja, mathalani Toyota Noah, limetengenezwa kwa vizazi mbalimbali na kwa injini mbalimbali; Noah ya SR40 na Noah ya AZR60 zinashiriki jina wala hazishiriki injini, na ipo Noah ya dizeli ambayo haina plagi za kuwashia hata moja, hivi kwamba mtu anayesimama mbele ya kaunta na kusema "nipe plagi za Noah" hajasema neno la kutosha kuhudumiwa. Muuzaji mwema huomba namba ya chesisi. Huomba kile kilichotolewa garini. Hukipima kwa jicho na kwa rula, huhesabu meno, hutazama matundu ya boliti, hulinganisha namba iliyochapwa ubavuni na ile iliyoandikwa juu ya boksi, ndipo husema ndiyo au hapana. Maarifa hayo ndiyo kazi yake, na mshahara wake ni malipo ya maarifa hayo. Kumlipa mtu ili ajue, kisha kumlazimisha aridhie neno la asiyejua, ni sawa na kumwita mganga, kumlipa ada yake, na kumwandikia wewe mwenyewe dawa atakayokupa.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho. Katika duka nililofanya kazi alikuwapo binti mmoja mwepesi wa kuhifadhi namba na mwangalifu wa mikono, ambaye kwa magari madogo ya Toyota alinizidi mimi na kila mtu aliyekuwamo. Akaingia bwana mmoja wa makamo, akampita binti yule kana kwamba kaunta haina mtu, akaniita mimi niliyekuwa ndani nikipanga maboksi: "Kijana, hakuna mtu humu anayejua spea?" Nikamwelekeza kwa binti. Akasema, kwa kusitasita, kwamba anataka mkanda wa taimingi wa Toyota IST, kwa sababu fundi wake amemwambia taimingi imelegea. Binti akamjibu kwa adabu: "Baba, IST haina mkanda wa taimingi. Ina cheni, na imo ndani ya injini. Labda fundi alikusudia cheni, au tensheni yake. Tumpigie tumuulize?"

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, maana injini za gari lile, ya 2NZ na ya 1NZ, zote mbili hutumia cheni. Lakini bwana yule hakuusikia ukweli. Alichosikia ni kwamba amesahihishwa, na amesahihishwa na binti, mbele ya watu. Akapandisha sauti, akasema ameliendesha gari lile miaka mingi na hawezi kufundishwa na mtoto wa kike, akataka kumwona mwenye duka. Tajiri akatoka, akaomba radhi kwa niaba ya binti pasipo kumuuliza lililotokea, akamtuma kijana kwa jirani, ukaletwa mkanda wa taimingi wa injini nyingine kabisa, ukauzwa kwa tabasamu. Kesho yake mkanda ukarudi umechafuliwa na mikono ya oili, boksi limepasuka, jirani akakataa kuupokea. Bwana akarudishiwa fedha yake yote kwa taadhima. Na thamani ya mkanda ikakatwa katika mshahara wa binti, kwa sababu, alivyoambiwa, angejua kuzungumza na mteja hayo yasingetokea.

Nimelitafakari jambo lile mara nyingi, na kila nilitafakaripo sioni hata mmoja aliyefaidika nalo. Aliyeitwa mfalme alipoteza siku nzima, na gari lake lililala kwa fundi likiwa na cheni iliyolegea, ilhali jawabu sahihi lilikuwa limetamkwa mbele yake bure, kabla hajatoa hata shilingi. Tajiri, ambaye alijua vema kwamba IST haina mkanda ule, aliuza kitu akijua kwamba hakina kazi, yaani alitenda ghashi, na akaihesabu kuwa huduma bora. Na binti alijifunza somo ambalo wafanyakazi wote wa kaunta hujifunza chini ya itikadi hii, nalo ni kwamba neno "ndiyo" halimkatii mtu mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hairuhusu mshahara ukatwe kwa ghadhabu ya tajiri: yataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kupinga. Hakuna mahali sheria hiyo iliposema kwamba kusema kweli kwa mteja ni kosa.

2. Kwamba mteja ni mtu mmoja anayejulikana

Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa kuwa hapa ndipo itikadi hii inapojipinga yenyewe waziwazi. Wanaoihubiri humtaja mteja kana kwamba ni mtu mmoja, aliyekuja mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe, kununua kitu atakachokitumia mwenyewe. Katika biashara ya vipuri mtu wa namna hiyo yupo, lakini si yeye ajaye mara nyingi. Asimamaye mbele ya kaunta ni fundi. Alipaye ni mwenye gari, aliyeko ofisini au safarini. Na atakayekaa juu ya kipuri hicho, roho yake mkononi, ni abiria, ambaye hajui hata kwamba kimenunuliwa. Ni watu watatu wenye maslahi matatu. Yupi kati yao ni mfalme?

Desturi imekwisha kujibu swali hilo, na jawabu lake ni la kusikitisha. Fundi huja kila juma, pengine kila siku, na huleta mauzo mengi. Mwenye gari huonekana mara moja kwa mwaka. Abiria haonekani kabisa. Basi kwa kanuni ya kumtukuza aletaye fedha, fundi ndiye huvikwa taji, na amri yake ya kwanza hujulikana na kila aliyefanya kazi hii: "Niwekee cha juu." Kipuri cha elfu themanini husemwa laki na ishirini. Fundi humpigia simu mwenye gari palepale kaunta, huweka sauti nje, husema, "Bosi, huku wanasema laki na ishirini, nimewabembeleza wamegoma," kisha humpa muuzaji simu ili athibitishe. Muuzaji huyo, kijana ambaye hana ugomvi na yeyote, hutakiwa katika nukta hiyo aseme uongo kwa mtu asiyemjua ili amridhishe mtu anayemjua, na akisita tu, tajiri humkumbusha ule usemi wa ukutani. Mwenye gari hulipa, na aghalabu ndiye huyohuyo ambaye, katika mazungumzo ya jioni, hulalamika kwamba wauza spea hawamheshimu mteja, asijue kwamba ameibiwa kwa jina la heshima hiyo.

Sisemi kwamba fundi hastahili malipo. Mtu aliyepanda daladala kutoka Tegeta mpaka Kariakoo, akazunguka katika jua la mchana kutafuta kipuri adimu, amefanya kazi, na kazi yake yataka ujira wa nauli na wa muda wake. Basi na aidai wazi, aiandike katika hesabu yake, na mwenye gari ailipe kwa moyo mkunjufu. Ninalolikataa ni ujira unaofichwa ndani ya bei ya duka, kwa kuwa ujira wa namna hiyo unamtaka muuzaji awe shahidi wa uongo, tena hauna kipimo.

Yapo na ya risiti, ambayo ni ndugu wa hayo. Tangu mashine za kielektroniki za kutoa risiti zianze kutumika Tanzania mwaka 2010, muuzaji amefungwa na sheria kutoa risiti na mnunuzi amefungwa kuidai. Na tangu wakati huo kaunta imepata maombi mawili mapya. La kwanza ni la mtumishi wa ofisi au dereva wa kampuni asemaye, "Mimi ninakupa laki mbili, wewe niandikie tatu." La pili ni la mwenye gari mwenyewe asemaye, "Bila risiti utanipunguzia ngapi?" Wa kwanza anaiba mali ya mwajiri wake, wa pili anaiba mali ya umma, na wote wawili wanamtaka mtu wa kaunta atie mkono wake katika wizi ambao, siku ya hesabu, yeye ndiye atakayekutwa na kitabu. Tena huyo wa pili, kipuri kikimshinda, hurudi baada ya siku kadhaa akidai haki yake kwa ukali, hana karatasi inayoonyesha alinunua lini, wapi, wala kwa bei gani, na hushangaa sana anapoulizwa. Aliye juu ya sheria anaweza kuamuru mambo kama hayo. Aliye nyuma ya kaunta hayuko juu ya sheria, na tajiri anayemwamuru atii anamtuma mahali ambapo yeye mwenyewe hatakwenda kumtoa.

Ama abiria, huyo hana wa kumsemea. Mtu huja kutaka pedi za breki za gari la kubebea watu, akasema, "Nipe za bei ya chini, zozote, ninaliuza gari mwezi ujao." Ukimwonyesha kwamba zile za bei ya chini hazina jina la mtengenezaji wala namba, kwamba chuma chake cha mgongoni kimepinda hata kabla ya kufungwa, hukujibu kwamba hukuulizwa. Chini ya itikadi tunayoijadili hana kosa: ametaka, analipa, apewe. Mimi nasema muuzaji anayekataa kumpa, na akamwambia kwa upole aende na pesa zake, amemhudumia mteja wa kweli wa duka lile, yule aliye kituoni akingoja gari na mtoto mgongoni. Tajiri anayemkaripia muuzaji wa namna hiyo kwa kupoteza mauzo hajui biashara aliyoifungua.

3. Kwamba jirani anamngoja

Hoja hii ni nyepesi na nitaipita upesi. Ni kweli kwamba maduka yamepangana bega kwa bega. Lakini wenye maduka hayo huchukuliana mali kila saa: kisichopo kwangu kipo kwako, na kijana hutumwa mbio kwenda kukileta ilhali mteja amekalishwa kwenye kiti na kupewa maji. Mara ngapi mtu ametoka duka moja kwa matusi, akaingia la pili kwa fahari, akauziwa boksi lilelile lililotolewa rafu ileile aliyoitukana, likiwa limeongezwa faida ya mtu wa pili! Ushindani wa bei upo. Ushindani wa kuvumilia matusi haumpunguzii mnunuzi hata senti.

4. Kwamba kukubali kuna gharama ndogo kuliko kukataa

Hesabu hii huonekana sahihi kwa sababu huishia mapema. Huhesabu mteja mmoja aliyerudi na kipuri kimoja, hulinganisha thamani ya kipuri hicho na thamani ya manunuzi yake ya miaka ijayo, na huamua kwamba arudishiwe. Haihesabu wale waliosimama nyuma yake wakitazama.

Kila aliyefanya kazi hii anajua mtindo wa mtu kununua alteneta mpya, kuifunga garini, na siku ya pili kurudi na ile ya zamani iliyokufa, imefutwa kwa petroli na kuwekwa ndani ya boksi jipya, akisema kwamba kitu mlichoniuzia hakichaji. Anajua pia ule wa mtu asiye na hila yoyote, ambaye fundi wake aligeuza nyaya za betri, chanya mahali pa hasi, dayodi za alteneta zikaungua mara moja, na fundi, badala ya kukiri, akamwambia mwenye gari kwamba ameuziwa feki. Katika visa vyote viwili muuzaji mwenye maarifa anaweza kuthibitisha kilichotokea: huweka alama ya siri ya rangi katika mali yake, huijua harufu ya waya ulioungua, huona boliti zilizokwisha kufungwa na kufunguliwa. Lakini uthibitisho wataka kwamba neno la mteja lipimwe, na itikadi ya ufalme imekataza lisipimwe. Matokeo yake ni kwamba mwongo hurudishiwa, na mwenye fundi mbovu hurudishiwa pia, akaenda kufunga nyingine kwa fundi yuleyule ikaungua tena, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia mahali penye ugonjwa.

Na fedha hizo hutoka wapi? Hazitoki mfukoni mwa tajiri kwa muda mrefu. Hutoka katika bei. Mtu mwaminifu, anayekuja na namba yake ya chesisi, anayesema tafadhali, anayechukua risiti yake na kwenda zake, humlipia mwongo kila anunuapo, wala haambiwi. Kwa upande wa pili tajiri, akiisha kuchoka kupoteza, hubandika kile kibao cha kukataa marejesho yote, hata ya mtu mwenye haki iliyo wazi kama jua. Maana aliyejizuia kupambanua kati ya dai la kweli na dai la uongo hana njia nyingine ila kuyakubali yote au kuyakataa yote. Vibao viwili hivyo, cha ufalme na cha kutorudisha, vimetundikwa katika ukuta mmoja miaka yote hii, na cha pili kimezaliwa na cha kwanza.

5. Kwamba hivi ndivyo wafanyavyo waliotutangulia

Wengine hutuambia kwamba usemi huu umejengea mataifa makubwa biashara zao. Na tuutazame huko utokako. Majina yanayohusishwa na usemi ulio ndugu yake, kwamba mteja daima yuko sahihi, ni Marshall Field wa Chicago na Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake London mwaka 1909. Walikuwa wauza nguo, kofia, manukato na vyombo vya mezani. Katika mambo ya namna hiyo mnunuzi ni hakimu kwa kweli, kwa kuwa hakuna awezaye kumwambia mtu kwamba rangi aliyoipenda hakuipenda. Hata katika duka la vipuri, mtu akitaka kava za viti za rangi nyekundu, apewe nyekundu. Lakini beringi ya gurudumu haina rai ya mtu; ama kipenyo chake kimelingana na nyumba yake ama hakikulingana.

Wengine hutaja Japani, nchi ambayo magari yetu mengi yametoka, na husema kwamba huko mteja huitwa mungu. Maneno hayo yalienezwa na mwimbaji Haruo Minami katika miaka ya 1960, naye alieleza kwamba alikusudia kusafisha moyo wake kabla ya kuimba, kama mtu asimamaye mbele ya miungu. Hakuwa akizungumza habari za wanunuzi na maduka. Wajapani wenyewe wameona madhara ya kuyatumia vibaya: mji wa Tokyo ulipitisha mwezi wa Oktoba 2024 kanuni ya kuzuia wateja wasiwanyanyase wafanyakazi, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025. Kanuni hiyo haikuweka adhabu, walakini imelitaja ovu hilo kwa jina lake. Kadhalika Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 190 wa mwaka 2019 juu ya ukatili na udhalilishaji kazini, halikuacha nje ukatili utokao kwa watu wasio wa kazi hiyo, na mteja ni mmoja wao. Basi sisi tutaendelea kushika fundisho ambalo wenyewe wameanza kuliweka chini?

6. Kwamba taji ni ngao ya aliyedhulumiwa

Nimeiacha hii mwisho kwa kuwa ndiyo pekee inayosimama juu ya malalamiko ya haki. Watu wameuziwa bandia. Watu wamejibiwa kwa ufedhuli. Watu wamedanganywa kwa sababu hawajui. Lakini hebu tutazame taji hilo limewalinda kwa kiasi gani. Miaka hii yote mteja ameitwa mfalme, na miaka hii yote boksi la karatasi lenye nembo ya uongo limeendelea kuuzwa. Sababu yake haiko mbali. Mfalme hutaka kusikia lile alipendalo, naye mnunuzi wetu aghalabu hutaka mambo mawili yasiyokaa pamoja: kipuri halisi cha Japani, na bei ambayo kipuri halisi cha Japani hakiwezi kuuzwa kwayo. Muuzaji mkweli humwambia kwamba kwa fedha hiyo atapata cha mtengenezaji mwingine, kizuri kiasi, kitakachodumu muda mfupi zaidi. Mteja husonya na kuondoka. Muuzaji wa duka la tatu humwambia, "Ipo, orijino, chukua," na humbandikia jina analolitaka. Dhuluma ile ilizaliwa na utiifu uliopita kiasi, na mtu anayedai kutiiwa zaidi anadai kudanganywa zaidi.

Ngao iliyopo ni nyingine, nayo imeandikwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayokitakia kitu, kwa namna ya kuonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, na kitu hicho kikawa katika biashara ya muuzaji huyo, basi yapo masharti, hata yasipotamkwa, kwamba kitu hicho kitafaa kwa kazi hiyo. Bali anunuaye kitu mahsusi kwa jina lake la biashara tu, hana dhamana hiyo ya kufaa. Tazama sheria ilivyompa kila mtu sehemu yake: mnunuzi aseme kweli ya haja yake, muuzaji aseme kweli ya mali yake, na anayeficha abebe hasara. Yule aliyegonga kaunta akasema "nipe nilichokuomba, usinifundishe" ameikataa kwa mdomo wake kinga ambayo sheria ilimwekea. Na kwa wauza bandia ipo Tume ya Ushindani, yenye mamlaka juu ya bidhaa za namna hiyo. Malalamiko yanayopelekwa huko yakiwa na risiti ya kweli yanamtisha mwovu kuliko matusi elfu yanayomwagwa juu ya kijana wa kaunta ambaye hakuagiza mali ile, wala hakupanga bei yake, wala faida yake haimfikii.

Kwa hiyo nawaomba wenye maduka wakiondoe kile kibao cha ufalme, na mahali pake waandike, kwa herufi zinazosomeka, masharti ya marejesho: siku ngapi, katika hali gani, kwa risiti gani, na vitu gani vya umeme hupimwa kabla ya kutoka dukani ili pasiwe na ubishi baada yake, wamkanye fundi atakaye cha juu, na wasimkate mfanyakazi mshahara kwa kusema kweli. Nawe msomaji, uendapo kununua kipuri, chukua namba ya chesisi iliyomo katika kadi ya gari, chukua na kile kilichotolewa, eleza ugonjwa wa gari na wala usieleze tu jina la kitu. Ukimtuma fundi, piga simu wewe mwenyewe dukani kuuliza bei. Dai risiti ya kiasi ulicholipa, kisizidi wala kisipungue. Na aliye nyuma ya kaunta akikwambia kwamba ulichokitaka hakiingii katika gari lako, muulize sababu, umsikilize mpaka mwisho, kabla ya kumwita mwenye duka.